Anaanzia Ukingoni

Karatasi ni kubwa, ile ya kubandika ukutani, na imekunjwa mara nyingi hata mikunjo yake imeanza kufanana na njia. Mama IT ameilaza juu ya meza ya kituo cha afya, pembe zake nne akazikandamiza kwa vitu vilivyokuwa karibu: daftari la kliniki ya watoto, glasi, simu, na kichupa kitupu cha chanjo. Ana penseli mbili, moja ya kawaida na moja nyekundu. Ana kifutio kilicholika upande mmoja. Nilidhani angeanza kwa kuchora kituo chenyewe pale katikati, kisha apanuke kwenda nje, kama wengi wetu tunavyochora mtaa tunaokaa. Alianza na ukingo. Kwanza mfereji wa upande wa mashariki, kisha barabara ya lami, kisha ukuta wa shule, halafu akafika mahali pasipo na mfereji wala barabara wala ukuta. Hapo akatulia na penseli mkononi, muda mrefu.

"Apa," akasema, "njo kazi iko."

IT ni kifupi cha cheo chake kwa Kifaransa: muuguzi mwenye dhamana ya kituo na ya eneo zima la afya linalokizunguka. Lubumbashi hakuna anayekirefusha. Anaitwa Mama IT na watoto, na machifu wa avenyu, na daktari mkuu wa zoni ya afya mwenyewe. Mimi nilifika kwake kwa sababu ya kompyuta. Kazi yangu ni programu, na nilikuwa nimeombwa nisaidie kuingiza namba za kampeni ya polio kwenye jedwali. Ilikuwa Oktoba, jakaranda zimechanua, vumbi jekundu bado halijapata mvua. Raundi ya kwanza ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Namba zenyewe zilinichukua siku mbili. Muda uliobaki niliutumia kumwangalia.

Kwa mtu wa nje, kampeni ya polio ni jambo la matone mawili mdomoni mwa mtoto, na kwa kweli mwisho wake ni huo. Lakini matone hayo yanapaswa kumfikia kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, katika siku zilezile, kila mahali kwa pamoja, kwa sababu mtoto wa Lubumbashi hakai mahali pamoja. Jumatatu yuko kwa mama yake Katuba, Jumatano yuko kwa nyanya yake Ruashi, Jumamosi amebebwa mgongoni kwenda Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Mkoa wa Haut-Katanga una zoni za afya 27, na jiji peke yake lina 11: Kamalondo, Kenya, Katuba, Kisanga, Kampemba, Tshamilemba, Ruashi, Vangu, Mumbunda, Kowe, na Lubumbashi yenyewe. Kila zoni imekatwa katika maeneo ya afya, kila eneo lina IT wake, na kila IT ana timu zake za watu wawili au watatu wanaotembea kwa miguu. Ukizijumlisha ni mamia ya timu ambazo karibu zote hazitaonana hata mara moja, na bado kazi ya kila moja inategemea kazi ya jirani yake imalizike vizuri.

Kinachozilazimu kwenda pamoja ni tabia ya ugonjwa. Virusi vya asili vya polio ya aina ya 2 vilitangazwa kutokomezwa Septemba 2015, na Aprili 2016 nchi zote zilizokuwa zikitumia matone ziliiondoa aina hiyo ndani ya chanjo ya kawaida. Lakini virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo ya zamani vikizunguka muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa, hubadilika, na mwisho hupata tena nguvu ya kupooza viungo. Hilo lilitokea mwaka 2017 hapa jirani, Haut-Lomami, ambayo mpaka 2015 ilikuwa Katanga moja na sisi. Februari 2018 serikali ilitangaza dharura ya afya. Chanjo mpya ya matone, iliyotengenezwa ili isibadilike kirahisi, ilipata kibali cha matumizi ya dharura Novemba 2020. Nayo pia haizimi mlipuko ikipewa watoto mmojammoja waliotawanyika. Inataka raundi mbili angalau, zinazotenganishwa na wiki nne hivi, na katika kila raundi isiachwe pengo. Virusi hukaa pengoni.

Ndiyo maana Mama IT anaanzia ukingoni. Katikati ya eneo lake anapajua kama sebule yake. Mtoto wa katikati hapotei. Akiachwa na timu moja leo, kesho mtu atamwona. Anayepotea ni mtoto wa kwenye mstari.

Ramani anaichora kwa mkono, ingawa kompyuta yangu ilikuwa na picha za setilaiti na nilimwonyesha. Aliziangalia kwa adabu. Akaonyesha paa moja kwa ncha ya penseli, akaniuliza chini yake wanalala familia ngapi. Sikujua. Akaonyesha paa lingine, kubwa zaidi, akasema lile ni ghala, hakuna mtoto. Kisha akarudi kwenye karatasi yake, ambako paa halionekani ila mlango unaonekana: duka la unga, bomba la maji la watu wote, mwembe uliokatwa matawi ya upande wa waya, kanisa la bati la bluu, nyumba ya chifu wa avenyu, mahali pa kusagia mahindi. Hivi ndivyo vitu ambavyo mtu mwenye kisanduku begani anaweza kuviulizia njiani. Avenyu anaziandika majina mawili inapobidi, la kwenye kibao na lile watu wanalolisema.

Siku ya pili tulitembea. Alikuwa na chifu wa avenyu mbele, na nyuma yake mama mmoja wa makamo ambaye ni reko, yaani mjumbe wa afya wa kujitolea anayeishi mtaani humohumo. Walizunguka eneo lote kwa pembeni, hawakuingia katikati hata mara moja. Kila walipofika kwenye kona Mama IT alisimama, akageuka nyuma, akaangalia walikotoka, kisha ndipo akachora. Nilimuuliza kwa nini anageuka. Akanijibu kuwa timu itakuja kutoka upande mwingine, na nyumba ukiitazama kutoka upande mwingine si nyumba ileile. Ni jambo dogo, lakini nimechora michoro ya mifumo kwa miaka mingi na sikuwahi kuisoma kutoka upande wa mtu atakayeipokea.

Kisha hesabu. Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984. Mtoto anayetafutwa leo hakuwepo, na mama yake pengine pia hakuwepo. Kwa hiyo idadi rasmi ya watoto wa eneo ni makisio yaliyozaliwa na makisio. Mama IT haikatai namba inayotoka juu, kwa kuwa chanjo itatolewa kwa namba hiyo, lakini anaiweka kando ya nyingine tatu: watoto waliochanjwa kampeni iliyopita kwa mujibu wa fishi za kuhesabia, watoto ambao reko wamewahesabu mlango kwa mlango, na watoto walioandikwa kliniki. Namba zikikaribiana anapumua. Zikiachana sana hachukui wastani. Anatafuta ni avenyu ipi inayozitenganisha, na mara nyingi anakuta ni avenyu ya pembeni.

Baada ya hapo anagawa. Tuseme watoto 3,000, siku nne, na timu moja ya mjini iweze kufikia watoto 150 kwa siku: zinatoka timu tano. Kichupa kimoja kina dozi 50, basi vichupa 60, na juu yake akiba ya zile dozi zitakazodondoka au kubaki chini ya kichupa. Kila timu ina kisanduku kimoja cha baridi, na kila kisanduku kinataka vipande vinne vya barafu vya plastiki. Vya leo vikiwa njiani, vya kesho vinaganda, kwa hiyo barafu lazima iwe mara mbili ya ile inayojaza visanduku. Friza inagandisha kiasi gani kwa usiku mmoja? Umeme ukikatika saa ngapi? Nani ana jenereta, na mafuta yake yanalipwa na nani? Haya yote anayaandika kwenye safu moja, kwa herufi ndogo zilizosimama wima, bila kufuta. Kifutio ni cha ramani tu.

Timu anazipanga kwa watu, si kwa majina yaliyopo. Mwenye kudondosha matone lazima awe na mkono usiotetemeka. Mwenye kuandika lazima awe mtu asiyeona aibu kuuliza mara mbili. Na wa tatu, mwenye kubisha hodi, lazima awe wa hapohapo, anayejua mama gani ana uchungu na kituo na kwa nini. Kuna familia ambazo kwa imani zao hazipokei dawa. Kwa hizo Mama IT hapeleki kijana mwenye haraka. Anamweka mama wa makamo, tena asubuhi, kabla baba hajatoka kwenda kazini, ili jibu likitoka liwe limetoka kwa wote wawili.

Sasa nifike kwenye siku niliyoisubiri, mkutano wa zoni. Ma-IT wote wamekuja na ramani zao zimekunjwa chini ya kwapa. Meza zimesogezwa pamoja. Nilitegemea wataziunganisha karatasi hizo ukingo kwa ukingo kama vipande vya kitambaa, lakini haziungani. Kila mmoja amechora kwa kipimo chake. Kwa huyu mfereji ni mrefu kama kidole, kwa jirani ni mrefu kama mkono. Kwa hiyo wanafanya jambo la zamani zaidi. Wanasomeana mpaka. IT mmoja anaweka kidole kwenye ukingo wake, anaanza kutaja kwa sauti, kutoka kaskazini kwenda kusini: mashine ya unga, yangu, nyumba ya mwalimu, yangu, ile yenye geti jekundu, yangu, bomba. Jirani yake anafuata kwa kidole kwenye karatasi yake na kujibu: mbele ya bomba, yangu, kanisa, yangu. Inakwenda polepole kama tasbihi. Halafu kinakuja kimya. Wote wawili wamefika mahali ambapo kila mmoja anangoja mwenzake aseme "yangu".

Kimya hicho ndicho kilichowaleta. Daktari wa zoni, ambaye hadi hapo alikuwa amekaa pembeni akinywa chai, anasimama. Nani anafika pale kwa urahisi? Nani ana mtu anayejulikana pale? Mmoja anachukua, anapaka kwa penseli nyekundu, mwenzake naye anapaka palepale kwenye karatasi yake na kuandika jina la aliyechukua. Pakisemwa kuwa patashughulikiwa na wote wawili, Mama IT anakataa. "Fasi ya bantu babili," akasema siku ile, "njo fasi ya hakuna mutu."

Katika kazi yangu tuna jina la haya yote, na nitalitaja kwa kuwa lilinirudia kichwani pale mezani. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, huko Marekani, wakaandika tamko fupi kuhusu kutengeneza programu kwa vipindi vifupi, kwa timu ndogo zinazojirekebisha zenyewe. Kwa timu moja lilifaa sana. Tatizo lilikuja timu zilipokuwa kumi, kila moja ikikimbia vizuri kwenye njia yake na zote zikigongana. Mwaka 2011 Dean Leffingwell akatoa utaratibu unaoitwa SAFe, ambao kiini chake ni mkutano: kila baada ya wiki 8 hadi 12, watu kati ya 50 na 125 wanaacha kazi, wanakaa pamoja siku mbili, wanapanga kipindi kinachofuata mbele ya macho ya kila mmoja. Ukutani kuna ubao, na juu ya ubao nyuzi nyekundu zinatoka kwenye kadi ya timu moja kwenda kwenye kadi ya timu nyingine inayoingoja. Mwishoni kila mtu anainua vidole, kimoja hadi vitano, kuonyesha anauamini mpango kiasi gani.

Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo. Mingi niliyoiona ilikuwa na karatasi za rangi nyingi na nyuzi chache, kwa sababu kila timu ilitumia siku mbili kupamba katikati yake. Hapa kwenye zoni katikati haikuzungumzwa kabisa. IT aliyeanza kueleza jinsi atakavyozungusha timu zake ndani ya eneo lake alikatizwa kwa upole na kuambiwa hilo ni la nyumbani kwake.

Yalizungumzwa ya pamoja. Siku gani soko linajaa, ili timu maalumu iwekwe kwenye mlango wake. Nani anakaa stesheni ya mabasi. Magari mawili ya zoni yanaanzia wapi alfajiri ili barafu isifike kwa IT wa mwisho imekuwa maji. Mmoja alikuwa na ubatizo wa watu wengi Jumapili ya raundi, akaomba timu ya ziada kwa muda wa saa mbili. Mwingine akampa, akaandikiwa deni la timu moja siku ya Jumatatu. Msimamizi mzee aliyekuwa karibu nami alisema jambo hili si geni. Mwaka 1999, nchi ikiwa imekatwa vipande na vita, Kofi Annan aliomba pande zote zinyamazishe bunduki kwa siku za chanjo, na wachanjaji wa huku na wa kule wakafanya kazi siku zilezile ingawa barabara kati yao ilikuwa imefungwa. "Ule nao ulikuwa mpaka," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Siku ya kwanza ya raundi, saa kumi na mbili asubuhi, friza inafunguliwa. Mama IT anachukua kila kichupa kwa vidole viwili na kukipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye lebo kuna duara dogo, na ndani ya duara mna mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Joto likiingia mraba unakolea polepole wala haurudi nyuma. Ukilingana na duara, kichupa hakitumiki tena. Anaangalia vyote, hata vile ambavyo mtu mwingine ameshaviangalia. Kisha vipande vya barafu vinne, kimoja kila upande wa kisanduku, vichupa katikati ndani ya mfuko wa plastiki ili lebo zisilowe, sponji juu, kifuniko. Idadi ya vichupa inaandikwa mara mbili, kwenye fishi ya timu na kwenye daftari lake. Jioni vyote vitarudi, vilivyojaa, vilivyofunguliwa na vitupu, kimoja kwa kimoja. Kichupa cha chanjo hii hakitupwi mtaani, hata kikiwa kitupu.

Niliifuata timu iliyokwenda upande wa mfereji. Mwenye kubisha hodi haulizi, "Mama, uko na watoto?" Swali hilo hujibiwa kwa watoto aliowazaa, tena walio macho. Anauliza ni watoto wangapi walilala hapa usiku, halafu anauliza tena kwa kila mama wa uwanja huo peke yake, halafu anataja wanaosahaulika: anayenyonya, anayelala sasa hivi, mgonjwa, mgeni. Uwanja mmoja ulianza na watoto wawili ukaishia watano. Mwenye matone anachuchumaa yeye, hamfanyi mama ainame. Anabonyeza mashavu kidogo kwa vidole viwili, mdomo unafunguka kama wa kifaranga, anainamisha kidondoshi bila kugusa ulimi. Moja. Mbili. Anasubiri koo liende. Akitema, anarudia. Kisha kidole kidogo cha mkono wa kushoto, wino usiofutika, nusu kwenye kucha na nusu kwenye ngozi, na mkono unashikwa mpaka wino ukauke. Kuushika huko ndiko nilikokupenda. Ni sekunde chache tu, lakini ukiuachia mapema mtoto anaufuta kwenye nguo, na kesho kutwa mkaguzi atamhesabu kuwa hakuchanjwa.

Mwishoni chaki. Mlangoni, juu ya kimo cha watoto, anaandika tarehe, namba ya timu, waliochanjwa juu ya waliopo, na mshale wa kuelekea nyumba inayofuata. 5/5, mshale kulia. 2/3, maana yake turudi. Mtu akiingia avenyu hiyo hata usiku na tochi anaweza kuisoma ukuta kwa ukuta kama barua.

Jioni saa kumi na moja timu zinarudi, zimekaa kwenye benchi la kituo na viatu vimevuliwa. Mkutano huu hauzidi nusu saa. Mama IT hasikilizi kwanza namba. Kila timu inamwambia nyumba yake ya mwisho: ilikuwa ipi, mshale ulielekea wapi, na mbele ya mshale palikuwa na nini. Namba zinakuja baadaye, na vichupa, na orodha ya watoto wasiokutwa, ambayo inakatwa vipande vidogo na kugawiwa upya palepale kwa ajili ya kesho.

Siku ya pili ya raundi mpangilio huo ulionyesha faida yake. Msimamizi alikuwa amemkuta bombani mtoto wa miaka mitatu mwenye kidole kisicho na wino, naye mtoto alipoulizwa anakaa wapi alionyesha nyuma ya kiwanja cha matofali. Timu yetu ilisema nyumba yake ya mwisho ilikuwa kabla ya matofali. Mama IT akampigia simu jirani yake wa eneo la pili, ambaye timu yake iliishia baada ya matofali. Katikati, ndani ya kiwanja chenyewe, palikuwa na vyumba vitatu vilivyojengwa baada ya sisi kutembea na chifu, bado havijapakwa udongo. Mpaka ulikuwa umesomwa sawasawa na wote wawili. Nyumba ndizo zilizochelewa kuja. Hakumkemea mtu. Alichukua tochi na mwandishi mmoja, akaenda mwenyewe kabla giza halijaingia, si kuchanja bali kuhesabu na kusema hodi. Alirudi na namba saba. Asubuhi timu ilianzia hapo, kabla ya ratiba yake, na watoto walikuwa saba.

Baada ya raundi kuisha walikuja wakaguzi wa nje, watu wasiojulikana na timu. Wanachagua sehemu sita kwa bahati nasibu, katika kila sehemu wanaangalia vidole vya watoto kumi. Watoto 60. Wasiokuwa na wino wakiwa watatu au pungufu, zoni imepita kwa kiwango cha asilimia 90. Wakizidi hapo, zoni imeshindwa na kazi inaweza kurudiwa. Mama IT aliulizwa kama ana wasiwasi. Alisema wasiwasi wake aliumaliza kwenye kiwanja cha matofali. Kuhusu matokeo nitasema tu kwamba hakulazimika kurudia, na kwamba siku aliyoambiwa alikuwa anampima mama mjamzito, akaitikia kwa kichwa bila kuacha kusikiliza tumbo.

Mvua ya kwanza ilishuka mapema Novemba. Ilikuwa kubwa, ya upepo, ikaosha vumbi na jakaranda na chaki zote ukutani. Siku iliyofuata nilipita kituoni kuchukua waya wangu niliousahau. Raundi ya pili ilikuwa imebakiza siku kumi. Karatasi ileile ilikuwa mezani, daftari kwenye pembe moja, glasi kwenye nyingine, na yeye amesimama juu yake na kifutio. Alikuwa anafuta mstari wa mahali pale pasipo na mfereji wala barabara wala ukuta. Alifuta polepole, kwa upande mmoja tu, akiishika karatasi kwa kiganja ili isikunjamane. Simu ilikuwa imewashwa sauti juu ya meza, na kwenye simu jirani yake wa eneo la pili alikuwa naye anafuta. Tulisikia kifutio chake.

"Matofali ni yako yote," jirani akasema, "mpaka ku mashine ya unga."

"Yangu," akajibu Mama IT. "Na mashine?"

"Yangu."

Alipuliza vumbi la kifutio, akauliza kama kuna mtu ameona penseli nyekundu.